Watoto wanahifadhi jioni, baada ya wiki aya zimekatika katikati. Tatizo liko wapi?

Mwalimu wa Chuo (Ngamiani, Tanga)

Assalamu alaykum wanajamvi. Swali langu ni la kazi, naomba majibu ya kazi.

Chuo changu cha Qur'ani kina watoto 22 wa hifdhi, yaani wanaoihifadhi Qur'ani kwa moyo, umri miaka 9 hadi 14. Darsa ni baada ya magharibi, kwa muda wa saa moja na robo. Utaratibu ni huu: nusu ukurasa wa msahafu wa mistari 15, mwalimu anatangulia, watoto wanaitikia kwa pamoja, inarudiwa kama mara 40 mpaka wote wanasoma bila kuangalia. Kesho yake wanasikilizishwa, wengi wanapita vizuri.

Baada ya wiki naona makosa ya namna tatu. Mwanzo na mwisho wa kipande vipo, katikati pamekatika. Pili, mtoto ananyamaza kabisa, lakini ukimpa neno moja tu anaendelea mpaka mwisho kama maji. Tatu, anaanza sura hii, anaishia nyingine bila kujua.

Wazazi wanasema mtoto ana kichwa kizito. Wengine wanaulizia vidonge vya akili kwenye duka la dawa. Kinachotokea ni nini hasa, na nibadilishe nini?

---

Mkufunzi

Wa alaykumu salaam, mwalimu. Kosa lako la pili ndilo linaloeleza karibu yote. Kama aya ingekuwa imefutika, neno moja lisingeirudisha nzima. Imo. Kilichokosekana ni kitu cha kuivuta itoke. Chukua nyumba ya hapo hapo Ngamiani: imesimama, haijabomoka, lakini mgeni kaelekezwa "ile yenye mwarobaini mlangoni" bila kupewa namba ya barabara. Atazunguka mpaka isha. Mwambie barabara ya 14, anafika.

Mwaka 1966 watafiti wawili wa Marekani, Roger Brown na David McNeill, waliwasomea wanafunzi maana za maneno adimu na kuwataka wataje neno lenyewe. Wale waliosema neno liko mdomoni ila halitoki, mara nyingi waliweza kutaja herufi ya kwanza na hata idadi ya silabi. Neno lenyewe hawana, ila vipande vyake wanavyo. Kwa hiyo kusahau hakuna maana moja. Kuna lisiloingia tangu mwanzo kwa sababu akili ilikuwa kwingine, kuna lililoingia likadhoofika, na kuna lililopo ambalo njia yake imeziba. Watoto wako wako zaidi kwenye hili la tatu.

Sasa tazama zile mara 40. Katika hizo zote, ni mara ngapi mtoto amelitafuta neno peke yake, pakiwa kimya? Pengine hata mara moja hakuna. Sauti ya wenzake inamletea kila neno kabla hajalihitaji. Amezoea kufuata, na kufuata anakujua vizuri sana. Siku unapomsimamisha peke yake unamdai kazi ambayo hajawahi kuifanya.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari fupi ya kusoma. Kundi moja lilisoma vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja, kisha vipindi vitatu likafunika karatasi na kuandika lilichokumbuka. Dakika 5 baadaye waliosoma tu walikuwa mbele: asilimia 83 dhidi ya 71. Wiki moja baadaye mambo yakageuka: waliosoma tu walibaki na 40, waliojipima walikuwa na 61. Na walipoulizwa mapema, wale wa kusoma tu ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba wataweza. Hapo ndipo mwalimu na mtoto wanapodanganyika pamoja. Usomaji unaoteleza jioni ile ile unaonyesha kwamba kitu bado kiko karibu, hauonyeshi kwamba kimekaa.

Halafu suala la kurudia mara nyingi kwa kikao kimoja. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kazi aliyoitoa mwaka 1885, alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Aliona kuwa kurudia mara 38 zilizogawanywa katika siku tatu kulimpa faida ile ile ya kurudia mara 68 katika siku moja. Jasho la karibu nusu, matokeo sawa.

Ushauri wangu wa kwanza: punguza kipande kiwe mistari 5 na upunguze kuitikia kwa pamoja. Tangulia mara 5 ili matamshi na tajwidi (kanuni za usomaji) vinyooke. Kisha kila mtoto asome mwenyewe akiangalia, mara 5. Halafu msahafu unafungwa na anasoma kwa moyo. Akikwama, asipewe neno papo hapo. Mpe muda wa kuhesabu kumi polepole. Huko kuhangaika kulitafuta ndiko kunakoitengeneza njia. Zikipita kumi, mpe neno moja tu, amalize, arudi nyuma mistari miwili na apapitie tena pale pale. Mara 10 za namna hii zinatosha jioni. Tano nyingine asubuhi baada ya alfajiri, na nyingine siku ya tatu.

Kukatika katikati ni tabia ya kitu chochote kinachosomwa kwa mpangilio. Mwanzo hauna kilichoutangulia cha kuuvuruga, mwisho hauna kinachoufuata, katikati panabanwa pande zote mbili. Dawa yake ni kutoanzia juu kila siku. Leo aanze mstari wa 3, kesho wa 4. Na maungio yashughulikiwe peke yake: maneno matatu ya mwisho wa aya pamoja na matatu ya mwanzo wa inayofuata, mara 5, bila kusoma aya nzima. Mtoto anaweza kuzijua aya zote mbili barabara akakosa daraja la kutoka hii kwenda ile.

---

Abu Mudhakara (Pongwe)

Mkufunzi amesema kweli. Mimi niongezee kwenye kosa la tatu, maana hilo kuhifadhi zaidi hakuliponyi. Wakati mwingine kunalizidisha.

Kinachofanyika pale ni aya mbili kugombea njia moja. Ulimi ukifika mahali ambapo maneno ni yale yale, unachukua njia iliyozoewa zaidi. Mfano ambao kila mwalimu wa hifdhi anaujua: al-An'aam aya ya 151 inasema *nahnu narzuqukum wa iyyaahum*, al-Israa aya ya 31 inasema *nahnu narzuquhum wa iyyaakum*. Maneno ni yale yale, nafasi zimebadilishana. Ukimwambia mtoto arudie kila moja mara 50, umezitia nguvu zote mbili na zimebaki zinafanana vile vile.

Mpe alama iliyo ndani ya maana. Tazama neno lililotangulia. Kwenye al-An'aam ni *min imlaaq*, kwa sababu ya ufukara, yaani umasikini umeshafika nyumbani na mzazi mwenyewe ana njaa. Kwa hiyo mzazi ametajwa kwanza: tunakuruzukuni nyinyi, na wao. Kwenye al-Israa ni *khashyata imlaaq*, kwa kuhofia ufukara, yaani bado haujaja, hofu ni ya watoto watakula nini kesho. Kwa hiyo watoto wametajwa kwanza: tunawaruzuku wao, na nyinyi. Mtoto wa miaka 10 anaelewa hili kwa dakika mbili, na akishalishika, neno *khashyata* lenyewe linamwonyesha pa kwenda.

Al-Baqara 48 na 123 vivyo hivyo. Ya kwanza inatanguliza *shafaa'a* (uombezi) kisha *'adl* (fidia), ya pili *'adl* kisha *shafaa'a*. Hapa kama huna maelezo mepesi ya kumpa mtoto, tumia mahali: aoneshe kwa kidole kila moja iko ukurasa gani, wa kulia au wa kushoto, juu au chini.

Kwa sababu hiyo, msahafu usibadilishwe. Chapa ya Madina ina kurasa 604 na kila ukurasa unaishia mwisho wa aya. Mtoto aliyeanza na chapa hiyo kisha akapewa nyingine yenye mpangilio tofauti ananyang'anywa alama zake zote za macho. Ukimwona anainua macho juu wakati anatafuta neno, usimkataze. Anausoma ukurasa.

Jambo la mwisho: aya mbili zinazofanana zisifundishwe wiki moja. Acha ya kwanza ikae wiki tatu au nne, kisha uilete ya pili na uziweke zote ubavuni, zikiwa zimeandikwa kwenye ubao mmoja, neno lenye tofauti likiwa limepigiwa mstari.

---

Mwalimu wa Chuo

Allah awalipe. Hili la *min* na *khashyata* nalichukua kesho. Sasa tatizo ni muda. Nina dakika 75 na watoto 22. Nikimsikiliza kila mmoja dakika 3 tu, zimekwisha dakika 66 na hakuna kipya kilichosomwa. Muraja, yaani kurudia vipande vya zamani, itaingia wapi? Pia nimeona mahali wameandika kuwa mtu husahau asilimia 70 ndani ya siku moja. Ni kweli?

---

Mkufunzi

Hiyo asilimia 70 imetolewa kwa Ebbinghaus na ikapotoshwa njiani. Yeye alipima kitu kingine: akirudia kujifunza orodha ile ile, anaokoa muda kiasi gani. Baada ya dakika kama 20 aliokoa asilimia 58, baada ya saa moja 44, baada ya siku moja 34, baada ya siku 31 bado 21. Maana yake, orodha iliyomchukua dakika 10 mara ya kwanza, siku ya pili ilimchukua kama dakika 6 na nusu. Na alikuwa mtu mmoja, akisoma silabi ambazo kwa makusudi hazina maana. Aya yenye maana, yenye mahadhi, na iliyosikika msikitini tangu utotoni, haishuki kwa kasi hiyo. Namba zake usizibebe. Bebeni umbo lake: kushuka ni kwa kasi sana mwanzoni, kisha kunapungua. Marudio ya kwanza yakichelewa siku tano, kazi kubwa inaanza upya.

Kuhusu muda, hesabu yako ya 3 mara 22 inabadilika ukiwaweka wawili wawili. Jozi 11: mmoja anashika msahafu, mwenzake anasoma, kisha wanabadilishana. Anayeshika anaweka nukta ya penseli pale mwenzake alipokwama. Dakika 20 za mwanzo ziwe za muraja ya karibu, yaani vipande vya siku saba zilizopita. Dakika 15 muraja ya mbali, ya mwezi uliopita na nyuma. Dakika 20 kipande kipya. Zinabaki 20, na hizo wewe unasikiliza watoto 5 au 6 peke yao, dakika 3 kila mmoja, wengine wakiendelea na jozi zao. Ndani ya siku nne umewapitia wote 22.

Muraja itangulie kipya. Najua wazazi wanapenda kusikia mtoto "kafika wapi", na mwalimu anasukumwa na hilo. Lakini kipya kikitangulia kinakula darsa nzima, na cha zamani kinaachiwa dakika za mwisho watoto wamechoka. Mtoto anayebeba juzuu 5 zenye kurasa kama 100 akirudia kurasa 5 kwa siku anazimaliza kwa siku 20. Akirudia moja, ni zaidi ya miezi mitatu mpaka arudi pale pale, na atakuta kumeota majani.

Zile nukta za penseli ni mali, usizifute. Nukta mbili mahali pamoja, hapo pafanyiwe kazi peke yake. Nukta moja iliyosimama bila kuongezeka, iache.

Usingizi nao uhesabu. Watoto wa miaka 9 hadi 12 wanahitaji saa 9 na kuendelea, wa 13 na 14 angalau saa 8, na wakati wa kulala ndipo ubongo unapokiimarisha kilichosomwa mchana. Mtoto anayekaa na simu mpaka saa sita usiku kisha akaamshwa alfajiri anahifadhi akiwa na deni. Kama kuna kitu kimoja cha kuwaomba wazazi, kiwe hiki: kipande cha leo kisomwe mara moja kwa moyo kabla ya kulala, kisha taa izimwe.

---

Zumari

Samahani kuingilia. Nimewahi kusoma kuwa mtu hukumbuka vizuri zaidi akiwa pale pale alipojifunzia. Ndiyo sababu mtoto anasoma vizuri chuoni, akisimamishwa kusoma kwenye sala ya tarawehe, usiku wa Ramadhani, anapotea?

---

Mkufunzi

Unakusudia jaribio la wapiga mbizi la mwaka 1975, la Godden na Baddeley. Walijifunza maneno chini ya maji au nchi kavu, na walikumbuka zaidi walipopimwa mahali pale pale. Lina sifa kubwa, ila liliporudiwa mwaka 2021 tofauti ile haikuonekana, kwa hiyo nisingejenga juu yake. Kwa tarawehe kuna sababu zilizo karibu zaidi: hofu inakula umakini, na mtoto hajawahi kusoma akiwa amesimama, kwa sauti, bila jirani. Azoeshwe hivyo hivyo wiki tatu kabla: asimame, watu wawili nyuma yake, kisha wanne, kisha kumi. Na asome ndani ya sala za sunna nyumbani.

---

Binti Chumbageni

Naomba na mimi niulize, kwa upande wa wazee. Mzee wa miaka 70 na kitu anasoma Yaasin yote bila kukosea, lakini anauliza mara tatu kama amekula. Watu wanasema kama Qur'ani anaikumbuka basi kichwa ni kizima. Ni sahihi?

---

Muuguzi wa Zamu

Shikamooni wakubwa. Dada, hapana, si sahihi, na kauli hiyo inachelewesha wazee kupelekwa hospitali.

Kusoma Yaasin na kukumbuka chakula cha mchana ni kazi mbili tofauti za ubongo. Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison, mwenye umri wa miaka 27, alipasuliwa ubongo ili kutibu kifafa. Waliondoa sehemu za ndani pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya kile kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya: anazungumza nawe, ukitoka na kurudi baada ya dakika chache hakujui. Mambo ya utoto wake aliyakumbuka. Mtafiti Brenda Milner alimpa mchoro wa nyota auchore akitazama kwenye kioo. Kila siku mkono wake ulizidi kuwa hodari, na kila siku alisema hajawahi kuufanya mchoro huo. Aliishi hivyo mpaka mwaka 2008.

Ugonjwa wa Alzheimer kwa kawaida huanzia maeneo hayo hayo ya kupokea mapya. Yaasin iliyosomwa miaka 60 imeshahamia kwingine na imekuwa mazoea ya ulimi. Kwa hiyo mzee anaweza kuisoma yote akiwa tayari mgonjwa.

Usahaulifu wa kawaida wa uzee ni kuweka ufunguo mahali na kuutafuta, au jina la mtu kukawia kisha likaja lenyewe jioni. Wa kutia shaka ni kuuliza swali lile lile ndani ya nusu saa, kupotea kwenye mtaa wa miaka yote, kushindwa kuhesabu chenji aliyokuwa akiihesabu, kuacha chungu motoni mara kwa mara, au kushika ufunguo asijue ni wa kazi gani.

Nyumbani unaweza kufanya hivi. Mwambie maneno matatu yasiyohusiana, kwa mfano embe, jahazi, kofia. Ayarudie papo hapo, ili uwe na hakika amesikia. Zungumzeni mengine dakika tatu, kisha umwombe ayataje. Akikosa yote, au mawili, siku mbili tofauti, mpeleke. Hicho si kipimo cha kumpa mtu jina la ugonjwa, ni sababu ya kwenda kupimwa.

Msikimbilie kusema ni uzee, maana kuna sababu zinazotibika. Ukienda, beba dawa ZOTE anazotumia, hata za dukani, kwenye mfuko mmoja. Piritoni anayomeza kila usiku apate usingizi inavuruga kumbukumbu za wazee. Amitriptilini na diazepamu vivyo hivyo. Mwenye kisukari anayetumia metformini miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, na sukari ikishuka mara kwa mara kwa dawa kama glibenklamidi nayo inaleta kuchanganyikiwa. Taja kama alianguka miezi miwili mitatu iliyopita hata kama hakuumia kwa kuonekana, kwa sababu damu huweza kuvuja polepole chini ya fuvu. Tezi ya shingo, kaswende, virusi vya ukimwi na sonona vyote vinapimika. Na masikio! Mzee asiyesikia vizuri hawezi kusahau alichoambiwa, maana hakikuingia.

Moja ni la dharura: akichanganyikiwa ndani ya saa au siku chache, leo mzima kesho hajui yuko wapi, usisubiri. Mara nyingi ni malaria, mkojo mchafu, homa ya mapafu au kukaukiwa maji.

Mwalimu, na kuhusu vidonge vya akili: hakuna kidonge cha kumfanya mtoto mzima ahifadhi zaidi. Kinachofaa ni kupima wingi wa damu, kumpa dawa ya minyoo kwa ratiba, na kupima macho na masikio. Mtoto anayekaa safu ya nyuma na kukosea herufi zinazokaribiana, kama *sin* na *swad*, msogeze mbele wiki moja uone kabla hujasema kichwa ni kizito.

---

Mwalimu wa Chuo

Nimenakili yote. Jozi nianze nazo vipi, mkubwa na mdogo, au wanaolingana?

---

Abu Mudhakara

Wanaolingana kwa juzuu, umri usiuangalie sana. Anayeshika msahafu lazima awe ameshapita kile kipande, la sivyo atasahihisha palipo sawa. Ndugu wa tumbo moja usiwaweke pamoja, wanapeana neno kwa jicho. Na wakae uso kwa uso, magoti yakaribiane, jozi na jozi hatua mbili, ili asisikie sauti ya jozi ya pili. Kila Jumamosi badilisha jozi, kwa sababu wiki ya pili wanaanza kuzoeana makosa.

---

Mkufunzi

Na ile kuhesabu kumi wafundishwe wote, maana watoto wana huruma. Mwenzake akikwama sekunde mbili tu, mwenye msahafu anamtajia. Mpe kokoto kumi mkononi, adondoshe moja moja kwenye kofia, ya kumi ikianguka ndipo afungue mdomo.